Watani Mlangoni pa Jiko la Shamsa

Emilia Chilongani alifungua duka siku ya pili baada ya kumzika baba yake, na tangu alipolitoa kufuli mlangoni alijua hakupaswa kuwa pale.

Duka lenyewe liko Nzuguni, mjini Dodoma, si mbali na stendi kuu ya mabasi. Linauza kuku wa kukaanga na chipsi. Juu ya mlango kulikuwa na bango kubwa la njano lililoandikwa Jiko la Shamsa, lakini Shamsa hakuwa Emilia wala ndugu yake. Ni jina la kampuni ya Dar es Salaam, na kazi ya kampuni hiyo ni kukodisha jina lake. Unalipa ada ya kuingia, wanakupa leseni, bango, sare, viungo vilivyokwisha kuchanganywa na masharti ya kukujaza kichwa. Kila mwezi unawakatia fungu lao. Matawi yao yametapakaa nchini, na wenye leseni karibu wote walikuwa watu wa makabila yale yale ambayo ukitaja biashara mtu huyataja kabla hujamaliza. Mgogo alikuwa Emilia peke yake.

Hapo pana kichekesho, kama mtu ana moyo wa kucheka. Dodoma ni nchi ya Wagogo, lakini tembea madukani uwahesabu wenye maduka wa Kigogo, utachoka kutafuta kabla hujachoka kuhesabu. Mgogo akisimama mbele ya kaunta, mwenye duka anadhani amekuja kuomba. Utani huo umerudiwa mjini humo miaka nenda miaka rudi, na wanaotaniwa wamekwisha kuchoka kutabasamu. Emilia aliusikia alipokuwa anakaanga karanga Miyuji, akausikia tena alipoanza kuuza chipsi za kibandani. Alipoomba leseni ya Shamsa, ofisa aliyemhoji alimuuliza kwa sauti nzuri kabisa kama ataweza kusimamia duka kila siku, kwa sababu ninyi watu wa Dodoma, alisema, kila wiki mko msibani.

Emilia akajibu kwamba msiba hautafunga duka lake. Hakuna aliyemlazimisha kusema hivyo. Alisema kwa fahari, na akarudi nyumbani akijiona ameshinda.

Ada ya kuingia ilitoka kwa baba yake. Benki ilikuwa imemzungusha mpaka akakata tamaa, ndipo Mzee Chilongani, mfugaji wa kijiji kimoja upande wa Mvumi, alipofungua zizi akaswaga ng'ombe wake karibu wote kwenda mnadani. Mgogo kuuza zizi ili binti yake akaange kuku, wanakijiji walidhani akili imemruka. Yeye hakumjibu mtu. Alikuja Nzuguni mara moja tu kuliona bango. Alisimama chini yake na fimbo yake begani, akalitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza dume lake Mabaka liko sehemu gani. Emilia akamwonyesha ile herufi ya kwanza. Mzee alicheka mpaka akashika ukuta, na tangu siku hiyo bango akaliita zizi. Akipiga simu haulizi biashara. Anauliza kama zizi limelala salama.

Sasa mzee alikuwa ardhini, na zizi lilikuwa limebaki juu ya mlango.

Masharti ya kampuni yalimruhusu Emilia kufunga siku tatu kwa kupiga simu, nazo zilikuwa zimekwisha. Zaidi ya hapo ilitakiwa aandike aombe ruhusa na aeleze sababu. Tena alikuwa na onyo tayari, maana siku baba yake alipozidiwa alifunga duka akamkimbiza hospitali bila kumwambia mtu, na mkaguzi akakuta kufuli. Onyo la pili leseni inakwenda kwa mtu mwingine, na huyo mwingine alikuwepo, ameshalipia fomu, anasubiri. Kaka yake Yotham alimsihi aombe ruhusa akae mpaka matanga yaondolewe. Emilia aliishika simu, akakumbuka ile sauti nzuri ya ofisa, akairudisha mfukoni. Hakutaka kuwaandikia watu wale neno msiba.

Katika ukoo wao kuna jambo ambalo hata mlevi halisahau. Moto unaowashwa uani siku ya kifo hauzimwi na wafiwa. Watani wa ukoo ndio wenye nao. Wao ndio waliochimba kaburi, wao ndio wenye ruhusa ya kuchukua jembe la marehemu na kudai likombolewe, na wao ndio watakaofagia majivu ya ule moto siku wanayoona inafaa, wampake kila mtoto wa marehemu kidogo kwenye paji la uso huku wanamtukana mpaka acheke. Akicheka, amefunguliwa. Kabla ya hapo mtoto wa marehemu hapiki. Anaweza kula, kulala na kulia, lakini mekoni hasogei.

Emilia alikuwa amelitafutia hilo njia ya mkato. Alijiambia kwamba jiko lake ni la gesi, na gesi haina majivu. Alijiambia hivyo njia nzima tangu alipotoka kijijini alfajiri bila kumuaga Bibi Ruthu, ambaye ndiye mtani mkuu, na alipokuwa anafungua mtungi wa gesi alikuwa bado anajiambia kwa sauti, hata Khairat, msichana wake wa kaunta, akamuuliza kama amekula. Akamjibu kwamba amekula. Tangu mazishi alikuwa hajatia kitu mdomoni.

Saa sita mchana, watu wa chakula cha mchana wakiwa wameanza kupanga foleni, Khairat alikuja jikoni akamwambia kuna watu wamekaa mlangoni na hawataki kuondoka.

Emilia alichungulia. Mpwa wa Bibi Ruthu, Daudi, mtu mzima mwenye watoto wake, alikuwa amelala chali kizingitini, jembe la Mzee Chilongani limelala kifuani pake, macho ameyafumba kama maiti. Wateja walikuwa wanamruka. Pembeni yake Bibi Ruthu alikaa chini kwenye vumbi, kopo la majivu mapajani, analigonga kwa kijiti na kutangazia foleni nzima. Alisema mwenye duka hili ni mwizi, ametoroka msibani na deni. Alisema baba yake alikuwa mchoyo, amekufa na ng'ombe wake wamegeuzwa kuku, na kuku wenyewe wamekonda kuliko marehemu. Wagogo wawili watatu waliokuwa kwenye foleni walijishika mbavu. Wengine walikunja uso, wakaanza kutazama wapi kwingine watapata chakula.

Sasa hapa mtu wa mbali anaweza kudhani ni fujo. Mtu wa kwao angejua ni heshima. Bibi mwenye magoti mabovu kama yale amepanda gari kutoka kijijini na kopo la majivu kumfuata mtoto wa mtani wake, ili asiishi na uchuro. Kilichotakiwa ni kidogo tu. Emilia atoke, apige magoti, atukanwe, apakwe, acheke, atoe kuku mmoja wa faini, Daudi afufuke, wote waingie ndani wale. Emilia alilijua hilo kama anavyolijua jina lake. Alijifuta mikono kwenye aproni, akaanza kutoka jikoni.

Ndipo gari jeupe liliposimama mbele ya duka, na Fabian akateremka na kishikwambi chake mkononi.

Fabian ndiye aliyekuwa mkaguzi wa kampuni kanda ya kati. Hakuwa mtu mbaya, na hilo lazima lisemwe. Alikuwa kijana nadhifu mwenye adabu, aliyeamini kwamba duka likifuata masharti dunia nayo itanyooka. Alimwona Daudi kizingitini. Aliliona jembe. Alimwona bibi, na kwa sababu alilelewa vizuri akainama akamwamkia shikamoo.

Bibi Ruthu alimtazama kuanzia viatuni mpaka kichwani, akamuuliza kama yeye ndiye kuku anayefuata.

Fabian hakucheka, maana hakujua kama anaruhusiwa. Alimruka Daudi, akaingia ndani, akasimama mbele ya kaunta akimtazama Emilia. Kishikwambi kilikuwa kimeshafunguliwa.

"Dada Emilia," alisema kwa upole, "hawa ni watu wako?"

Lilikuwa swali fupi, na Emilia aliyaona majibu yake yote kwa pamoja. Akisema ndiyo, ataeleza msiba, na msiba ndio aliouapia ofisini kwamba hautafunga duka. Ataeleza jembe, majivu na maiti anayepumua kizingitini, na huyu kijana ataandika kwamba ndugu wa mwenye leseni wamezuia mlango saa ya mauzo. Hilo ni onyo la pili. Bango litateremshwa. Mabaka na wenzake wote, zizi zima la baba, watakuwa wamekwenda bure, na mji utasema si tulisema. Kupitia mlangoni alimwona Bibi Ruthu ameacha kugonga kopo, anasikiliza na yeye, uso wake bado una kicheko, anangoja kutukanwa.

"Hapana," Emilia alisema. "Ni ombaomba tu."

Kama neno hilo lingetupwa mlangoni, kwa Bibi Ruthu mwenyewe, usoni, lingekuwa mchezo. Mtani humwita mtani wake ombaomba, mchawi, fisi, na wote wakala sahani moja. Lakini Emilia hakumwambia Bibi Ruthu. Alimwambia mgeni, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetoa taarifa. Lile neno ambalo mji wote ulikuwa umempiga nalo tangu enzi za karanga, alilichukua akampiga nalo mtani wa baba yake.

Fabian alitikisa kichwa kuonyesha ameelewa, akasema basi waondolewe kwa ustaarabu.

Haikuhitajika. Daudi alifumbua macho, akaketi, hakumtazama mtu. Bibi Ruthu alijiinua polepole, mkono mmoja ukutani, magoti yakigoma. Alifunika kopo lake. Kisha alifanya kitu ambacho Emilia hakuwahi kukiona kwake tangu utotoni, yaani alizungumza naye kwa adabu.

"Tusamehe, mama," alisema. "Tuliambiwa hapa ni kwa mtoto wa Chilongani. Tumekosea nyumba."

Wakaondoka. Daudi alibeba jembe begani, bibi akamfuata kwa mwendo wake wa kuchechemea, wakashika njia ya kwenda barabarani kwenye jua kali. Wale Wagogo wa kwenye foleni waliokuwa wanacheka walikuwa wametazama chini. Mmoja wao, mzee wa kofia, alitoka kwenye foleni bila kununua kitu.

Emilia aliendelea kukaanga. Mikono ilifanya kazi yenyewe, na Fabian alizunguka akikagua. Mafuta yalikuwa safi, viungo vilikuwa vya kampuni, sare ilikuwa sare, na kila alipogusa kile kishikwambi ilikuwa alama nzuri. Mwisho alikuja kusimama karibu na jiko akasema amefurahi sana, na kwamba atapendekeza lile onyo la zamani lifutwe. Akaongeza, kwa nia njema kabisa, kwamba alikuwa ameonywa kuwa watu wa huku hawajui kumkatalia mtu, lakini leo ameona mwenyewe kwamba si kweli.

Emilia alimtazama yule kijana. Alitazama moto wa bluu chini ya sufuria, moto wake usio na majivu, na ghafla aliona aibu kali sana, aibu ya kutaka kujivua ngozi. Zizi limelala salama, alijisemea, na baba yake hakumjibu.

Akazima jiko.

Alivua aproni ya njano, akaiweka juu ya kaunta, akamwambia Khairat awarudishie hela wote ambao hawajapata chakula. Kisha akamgeukia Fabian.

"Wale si ombaomba," alisema. "Wale ni watani wangu. Baba yangu amezikwa juzi, na wao ndio wamemzika. Nafunga."

Fabian alibaki ameshika kile kishikwambi kama sahani iliyojaa mchuzi. Alimpa pole, na pole yake ilikuwa ya kweli. Halafu akamweleza, taratibu, kwamba amwache ajifanye hakusikia. Akifunga sasa, saa ya mauzo, yeye akiwa amesimama pale pale, atalazimika kuandika alichokiona. Angeweza kusubiri mpaka jioni. Angeweza kumtuma mtu. Alikuwa anamwomba, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba hasa.

"Andika, kaka," Emilia alimwambia. "Andika yote."

Alitoka mbio bila kanga, bila simu. Alivuka uwanja wa vumbi, akapita vibanda vya vocha, akafika barabarani akihema. Aliogopa kuliko alivyoogopa mbele ya kaunta, maana gari la Mvumi likiwa limeshawabeba, atamfuata wapi mtu aliyekosea nyumba? Utani si kitu cha kuomba ofisini. Ukivunjika haujulikani unashonwa na nani.

Aliwakuta chini ya kivuli cha ukuta wa duka la vifaa vya ujenzi. Daudi amesimama, bibi ameketi juu ya mfuko wa saruji, kopo liko miguuni pake. Emilia alipiga magoti hapo hapo kwenye kokoto, watu wakipita.

"Mbukwenyi, bibi," alimwamkia kwa Kigogo.

Bibi Ruthu hakuitikia.

Emilia alisubiri. Alikuwa amejiandaa kulia lakini machozi yalikataa. Alisema amekosa, na kwamba aliogopa bango litashushwa, ng'ombe wa baba watapotea. Alisema yote hayo haraka haraka, akasikia mwenyewe jinsi yanavyosikika, akanyamaza.

"Ungetutukana sisi, tungecheka," bibi alisema mwishowe. "Wewe umetusema kwa mgeni."

"Ndiyo, bibi."

"Duka uliloacha huko, nani anakaanga?"

"Hakuna. Nimezima. Nimemwambia ninyi ni nani."

Bibi Ruthu alimtazama Daudi, na Daudi akainua mabega. Gari la Mvumi lilikuja, likapunguza mwendo, kondakta akawapigia kelele, na hakuna aliyenyanyuka. Gari likaenda zake. Hapo bibi akainama akalichukua kopo, akafungua mfuniko, akachovya vidole viwili, akampaka Emilia majivu kwenye paji la uso, kisha, kwa kuwa mtani haachi mambo nusu, akampaka puani na mashavuni mpaka chini ya kidevu.

"Baba yako alikuwa na sura mbaya," alisema, "lakini wewe umemshinda."

Kicheko kilimtoka Emilia kabla hajajua kama ni kicheko au kilio. Kilimtoka kwa nguvu mpaka akashika ukuta, kama baba yake siku ile chini ya bango, na kilipogeuka kuwa kilio bibi alimwacha, maana aliyekwisha kucheka hadaiwi kitu. Daudi alilishusha lile jembe begani akalilaza mapajani pa Emilia. Faini wataidai siku nyingine, alisema, wakati mwenye deni atakapokuwa na sura ya kutazamika.

Siku Emilia aliporudi kutoka kuondoa matanga, kampuni ilikuwa imekwisha kuamua. Hawakumtukana. Walimshukuru kwa ushirikiano wake. Mafundi wawili walikuja na ngazi wakaliteremsha bango la njano, na majirani wakatoka nje kushuhudia, na mmoja akasema kwa sauti ya kusikika kile ambacho wote walikuwa wanakingoja, kwamba Mgogo na biashara wapi na wapi. Emilia alisimama pale pale lilipokuwa linashuka. Hakuna haja ya kudanganya kwamba haikumuuma. Ile herufi ya kwanza ilipopita usawa wa macho yake, alihisi kama mtu anayetazama zizi likifunguliwa kwa mara ya pili, na safari hii hakuna mnada. Leseni ilikwenda kwa yule aliyekuwa anasubiri. Alifungua upande wa pili wa stendi, na foleni yake ni ndefu.

Emilia hakuondoka. Chumba kilikuwa cha kupanga na kodi ilikuwa imelipwa, basi alinunua pilipili, tangawizi na ndimu sokoni akachanganya kwa mkono wake, akakaanga chini ya ukuta mtupu wenye matundu ya misumari. Siku za kwanza wateja walikuwa wa kuhesabika. Khairat alibaki, akakubali mshahara wa nusu mpaka mambo yatengemae, na mambo yalikuwa hayaonyeshi dalili ya kutengemaa. Usingizi ulimpaa Emilia. Alikuwa anajiuliza kama baba yake angemwelewa, na hakuwa na wa kumpigia simu amuulize.

Mchana mmoja, duka likiwa tupu, Bibi Ruthu aliingia, magoti yake yakilalamika, peke yake. Alisimama katikati, akatazama kaunta, akatazama meza zisizo na watu, akatoka nje akatazama matundu ya ukutani, akarudi ndani.

"Ng'ombe wa mtani wangu wako wapi?" aliuliza.

"Wamekwenda, bibi."

"Wote?"

"Wote."

Bibi Ruthu akatikisa kichwa. "Mgogo na biashara," alisema, "wapi na wapi?"

Khairat aliinamisha uso kwa aibu, kwa sababu alijua neno hilo limemfanyia nini bosi wake. Lakini Emilia alikuwa amekwisha kuinua kipande cha kuku kutoka kwenye mafuta, kikubwa kuliko vyote, akakiweka kwenye sahani na chipsi za moto, akaishikilia sahani upande wake wa kaunta.

"Toa hela kwanza," alisema. "Hapa ombaomba hawali."

Bibi Ruthu alicheka mpaka akatafuta kiti. Kisha akafungua fundo la kanga yake, akalipa, akaanza kula.